Msafara Ulimngoja Miriamu

Maandiko: Hesabu 12:15, Luka 15:28, Warumi 13:8



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, “Pasta, mtoto wangu wa kwanza amekataa kuja kwa graduesheni ya mdogo wake. Nimkemee?” Nilimwambia anipe muda kidogo, nitamjibu kupitia ukurasa huu. Hakujua kwamba ameuliza swali ambalo limenitoa jasho mimi mwenyewe. Kwa hivyo leo sitaleta mahubiri ya pointi tatu mlizozoea. Naleta ushuhuda, na ndani yake kuna kosa langu.

Swali lenyewe tuliweke hivi. Mtu aliyebaki nyuma ili mwenzake asonge mbele, ana wajibu wa kufurahi siku ya mwenzake kuvaa joho? Na asipofurahi, kosa ni la nani?

Kitinda mimba wetu alipomaliza Chuo Kikuu cha Kisii na kupata digrii yake ya ualimu, nyumba yetu yote ilisimama. Wazee wetu wanajua hilo ni jambo kubwa kuliko vijana wanavyodhani. Mahali pale palianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Baadaye Egerton ikapafanya tawi lake, na ni mwaka wa 2013 tu ambapo palipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwa miaka mingi mtoto wa huku akitafuta digrii alifunga safari hadi Nairobi, Njoro au Eldoret, na familia ikitaka kumwona akivaa joho ililala barabarani. Siku hizi mtu anapanda matatu Nyamira asubuhi, na kabla jua halijawa kali ameketi kwa hema.

Basi tukafungua grupu ya WhatsApp. Si mnajua, mtu akisomea biashara, kila kamati inamtupia hesabu. Nikawa mweka hazina. Nikaandika bajeti: hema, viti mia moja, mbuzi wawili, mchele, soda, keki, mpiga picha. Nikagawa kazi pia. Mjomba, ukaribishaji. Binamu, magari. Mimi, pesa na neno la shukrani. Dada yetu mkubwa, jikoni.

Kila mtu alijibu kwa amina na vidole gumba. Dada yangu, ambaye ameolewa upande wa Kebirigo na ana shamba dogo la chai, alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akaandika maneno machache: “Mungu awabariki. Mimi siku hiyo nina majani.”

Nilidhani ni shida ya nauli. Nikamtumia shilingi elfu tano kwa M-Pesa, nikaandika, “Ya nguo na gari.” Jioni zikarudi, elfu tano kamili, na gharama ya kutuma amejilipia mwenyewe. Hapo nikakasirika kidogo, nawaambia ukweli. Nikampigia simu, na nikafanya kile ambacho sisi wachungaji tunafanya tukikosa la kusema. Nikahubiri. Nikamletea Luka 15, habari za yule kaka mkubwa aliyesikia ngoma ikilia nyumbani akakataa kuingia. Nikamwonya kuhusu roho ya uchungu. Nikamwambia furaha ya ndugu ni furaha yetu sote. Alinisikiza hadi mwisho.

“Umemaliza?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Basi usiku mwema, Pasta.”

Dada yangu hajawahi kuniita Pasta. Ananiita jina la utotoni ambalo siwezi kuliandika hapa. Lile neno “Pasta” lilininyima usingizi.

Alhamisi ya wiki ile nikapanda matatu kutoka Kisii kwenda Nyamira, na kutoka Nyamira kuendelea na barabara ya Chemosit hadi Kebirigo. Ni safari isiyofika hata saa mbili. Kwa dirisha unaona ndizi, mikaratusi na chai imelala kwenye vilima kama zulia. Nikiwa njiani nilikuwa bado napanga hoja zangu. Nilipofika mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, na nikamkuta dada jikoni akichambua chinsaga. Gunia lake la majani lilikuwa tayari limeenda kituoni.

“Pasta amekuja na mvua,” akasema. Akanipa kigoda na kikombe cha chai.

Tulizungumza Kigusii, lakini nitaandika kwa Kiswahili ili wote tufuatane. Nilimuuliza moja kwa moja kwa nini hataki kuja. Hakunijibu. Akaniuliza yeye: “Siku yako ya graduesheni, unakumbuka ulichosema?”

Nikasema nakumbuka kidogo.

“Mimi nakumbuka kila kitu. Ulishukuru Mungu. Ukashukuru baba na mama. Ukashukuru mwalimu mkuu wako. Ukamshukuru mjomba aliyeleta mbuzi. Hata mwenye hema ulimshukuru. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipakua chakula. Niliposikia umeshika kipaza sauti nilisimama na mwiko mkononi. Nikawanyamazisha watoto ili nisikie vizuri. Nikangoja. Ukasema asanteni, ukaketi.”

Akaendelea kuchambua mboga. “Na sasa mmeniandikia tena jikoni.”

Wapendwa, kuna wakati hata Kigusii changu kiliisha.

Niwaeleze alikuwa anazungumzia nini. Mwaka wa 2004 dada yangu alikuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa darasa la nane. Shule za msingi zilikuwa bure tangu Januari 2003, lakini sekondari ilikuwa bado ni karo kamili, na sisi tulitegemea chai: malipo madogo ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Nilipopata barua ya kuitwa kidato cha kwanza shule ya bweni, baba akapiga hesabu, ikakataa. Watoto wawili sekondari kwa shamba lile, haiwezekani. Dada yangu hakurudi shule Januari ile. Mimi nilienda.

Hayo nilikuwa nayajua, kama vile mtu anavyojua mahali mto unaanzia bila kwenda kutazama. Nilichokuwa sijui ni kile alichoniambia jikoni: sare yake ya shule iliuzwa kwa binti wa jirani, na pesa zile ziliongezwa zikanunua lile sanduku la bati nililobeba kidato cha kwanza. Nililitumia miaka minne. Niliandika jina langu juu yake kwa rangi nyeupe.

“Walikuuliza?” nikamuuliza. “Baba alikuuliza kama unakubali?”

“Nani aulize? Nilisikia tu sare inajaribiwa na mtu mwingine.”

Halafu kuna historia inayouma zaidi. Miaka mitatu baadaye, mwanzoni mwa 2008, serikali ilianza kulipa ada ya masomo ya sekondari za umma, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Haikumaliza gharama zote, lakini kwa familia kama yetu ingetosha kubadilisha uamuzi wa baba. Wakati huo dada yangu alikuwa tayari ana mtoto mgongoni.

Na nyingine. Tarehe 10 Disemba 2004, majira yaleyale baba alipokuwa akipiga hesabu zake, Profesa Wangari Maathai alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel kule Oslo. Tulisikia kwa redio nyumbani, tukashangilia Mkenya mwenzetu, mama wa miti. Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka 2006. Anaeleza jinsi alivyoingia shule. Kaka yake Nderitu, mtoto tu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, na Wangari akapelekwa. Swali moja la kaka. Sijui kama swali langu lingeongeza shilingi hata moja mezani pa baba. Pengine lisingeongeza. Lakini sikuuliza, si mwaka ule, si miaka iliyofuata.

Nikajitetea, bila shaka. Nikamwambia, “Lakini dada, nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuomba uache shule.”

Akasema, “Najua. Kwani nimesema uliiba?”

Hapo ndipo nilianza kuelewa kitu ambacho digrii yangu ingekuwa imenifundisha mapema. Kuna tofauti kati ya hatia na deni. Hatia inatokana na ulichofanya. Deni linaweza kutokana na ulichofanyiwa, hata bila wewe kuomba. Mtoto hana hatia ya kuzaliwa, lakini ana deni kwa mama. Sisi tuliookoka hatukumwomba Kristo aende msalabani, na bado hakuna anayesimama kanisani kusema, “Mimi sikumtuma.” Kwa miaka ishirini mimi nilikuwa nikikana hatia ambayo hakuna mtu aliyenishtaki nayo, na kwa njia hiyo nikalikwepa deni.

Wale waliosoma uhasibu watanielewa. Mwaka wa 1494, mtawa mmoja wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kule Venice kilichoeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao kwa pande mbili. Kanuni yake tunaitumia hadi leo: kila kinachoingia upande mmoja kimetoka upande mwingine, na lazima uandike kote kuwili. Ukiandika upande wa kuingia peke yake, unaonekana tajiri lakini vitabu vyako ni vya uongo. Sasa angalia graduesheni zetu. Tunaandika upande mmoja. Cheti kina jina moja. Risiti za karo zina jina la mwanafunzi. Picha kubwa ukutani ina mtu mmoja na joho. Hakuna karatasi popote inayoonyesha kiti kilichoachwa wazi kidato cha pili ili kingine kijae kidato cha kwanza.

Wazee wetu Abagusii, kabla hata ya shule, walikuwa na namna ya kukumbuka jambo kama hili. Ng'ombe walioletwa kwa mahari ya msichana ndio kaka yake alitumia kuoa. Kaka fulani aliunganishwa na dada fulani, na boma zima lilijua. Sisemi utaratibu ule ulikuwa mkamilifu. Msichana mara nyingi hakuulizwa, kama vile dada yangu hakuulizwa, na mtu si mtaji wa ndugu yake. Lakini angalau yule kaka hakuweza kusahau. Ng'ombe walikuwa pale, wanaonekana, na akitaka kusema boma lake amelijenga mwenyewe, watu wangemcheka. Karo haiachi ng'ombe zizini. Inaingia kwa kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo akiwa na ulimi mzuri kama wangu, anaweza kushukuru hata mwenye hema na kumsahau mwenye ng'ombe.

Nirudi jikoni. Niliposikia yote hayo, nilifanya tena kosa la watu wa biashara. Nikataka kufunga hesabu siku hiyohiyo. Nikamwambia, “Dada, hujachelewa. Mtu mzima anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mimi nitalipa kila kitu. Vitabu, mwalimu, ada ya mtihani.” Nilikuwa nimeshaanza hata kukadiria miaka.

Dada yangu akacheka, na haikuwa kicheko kibaya. Akasema, “Nikitaka kusoma nitakuambia. Lakini wewe unataka nisome ili nipate cheti, ama ili wewe upumzike?”

Sikuwa na jibu. Kwa sababu alikuwa amenisoma vizuri. Zile elfu tano za M-Pesa zilikuwa hivyo. Mahubiri ya Luka 15 yalikuwa hivyo. Hata huu mpango wa mtihani. Kila mara nilikuwa natafuta bei ambayo nikiilipa sitadaiwa tena. Na mtu anayelipwa ili anyamaze anajua analipwa ili anyamaze. Ndiyo maana pesa zilirudi.

Mtume Paulo anawaambia Warumi wamlipe kila mtu anachostahili, lakini kuna deni moja analiacha wazi: deni la kupendana. Siku za nyuma nilikuwa nalisoma kama maneno matamu tu. Sasa naona ni amri ngumu. Kuna madeni ambayo Mungu hataki tuyafunge, kwa sababu tukiyafunga tutaachana. Mtu aliyekopa benki akimaliza kulipa, anaaga. Ndugu hawaagani.

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Nililala kwa dada usiku ule, na kabla ya kulala nikasoma tena Luka 15 kwa mwanga wa simu. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na mara zote nimemsema yule kaka mkubwa. Safari hii nikaona kitu kimoja mstari wa 28. Baba alitoka nje. Aliacha wageni, akaacha ngoma na nyama, akamwendea mwanawe gizani akamsihi. Hakumtuma mtumishi. Hakumpigia mahubiri kutoka mlangoni. Alikuwa amemkimbilia mdogo barabarani mchana, na sasa anamtokea mkubwa. Na Bwana wetu hatuambii kama yule kaka aliingia. Anatuambia tu nani alitoka.

Nikakumbuka na Miriamu. Tunamjua kama dada aliyesimama mbali kando ya mto kuona kitakachompata mtoto ndani ya kile kisafina. Yeye ndiye aliyemwendea binti Farao na kumtafutia mtoto mlezi, ambaye kumbe alikuwa mama yake mwenyewe. Bila msichana yule, Musa asingelelewa kwa jumba la mfalme, na Stefano asingekuja kusema katika Matendo 7 kwamba Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Tafuta mahali ambapo Biblia inaandika Musa akimshukuru kwa siku ile. Mimi sijapaona.

Kisha katika Hesabu 12 Miriamu anakosea. Anamsema Musa vibaya, anapigwa na ukoma, anatengwa nje ya kambi siku saba. Sisemi hakukosea. Neno linasema alikosea. Sisemi pia kwamba dada yangu ni kama yeye, kwa maana dada yangu alisema ukweli mtupu. Lakini angalia walichofanya waliobaki ndani. Musa alimlilia Mungu kwa ajili yake. Na mstari wa 15 unasema watu hawakuanza safari mpaka Miriamu aliporudishwa. Taifa zima, na mifugo, na wazee, na watoto, wenye nchi ya ahadi mbele yao, waliketi siku saba wakimngoja dada mmoja. Hakuna aliyesema, “Atatupata mbele.”

Asubuhi nilimwambia dada vitu viwili tu. Kwanza, nilimwomba msamaha kwa ile hotuba, bila kuongeza “lakini.” Pili, nikamwambia jikoni tutakodi mpishi, na kiti chake kiko karibu na mama. Sikumwambia lazima aje. Akasema, “Nitaona vile majani yatakuwa.”

Ijumaa ya graduesheni tulifika chuoni mapema. Kitinda mimba wetu alikuwa ameshavaa joho, amependeza, anahangaika na kofia. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu. Wakati wa kwenda kupanga foleni na wenzake ulipofika, alituambia, “Mimi lazima niende. Lakini nyinyi msiingie bila yeye.” Binamu mmoja akanung'unika kwamba viti vya mbele vitaisha. Mama yetu, ambaye miguu inamsumbua, akasema, “Viishe.” Tukangoja nje. Tulisikia bendi ikianza. Tulisikia watu wakiombwa wasimame. Mimi mwenyewe nilitazama saa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Alikuja. Alishuka kwa boda boda akiwa na nguo yake ya ibada, na viatu vya matope amevifunga kwa mfuko wa karatasi. Alipotuona sote nje akashtuka. “Mbona hamjaingia?”

Mama akamwambia, “Tulikuwa tunakungoja.”

Hakusema kitu. Alirekebisha kitambaa cha kichwa, akamshika mama mkono, tukaingia. Tuliketi nyuma kabisa, na katika bahari ile ya majoho meusi hatukuweza kumtofautisha kijana wetu na wenzake. Digrii zilipotolewa, dada aliniuliza, “Ni yupi?” Nikasema sijui. Akapiga vigelegele hata hivyo, kwa wote.

Jioni kipaza sauti kilipoletwa kwangu kwa neno la shukrani, nilisimama nikasema mambo mnayoyajua sasa: sare, sanduku la bati, mwaka wa 2004. Nikasema mbele ya wageni kwamba digrii yangu ina kiti cha mtu ndani yake, na kwamba kwa sababu mimi nilipata kazi nikamsaidia mdogo wetu karo, basi na digrii yake ina kiti hichohicho. Nikataja jina la dada kamili, jina la ubatizo na la nyumbani. Nilikuwa nimepanga kusema mengi zaidi. Yeye, akiwa kwa kiti chake kando ya mama, akapaza sauti: “Sasa kaa chini, chakula kinapoa!” Watu wakacheka, na mimi nikakaa. Nilimwona akipangusa uso kwa leso. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu yeye amesoma ukurasa huu kabla haujachapishwa, na sentensi mbili amezifuta.

Hata hivyo hatukumaliza siku ile. Kusema ukweli mbele ya watu hakurudishi kidato cha tatu. Kuna kitu kilichopotea ambacho hotuba haiwezi kuleta, na ningewadanganya kama ningesema machozi yalifuta kila kitu. Lakini Jumatatu iliyofuata nilipokea ujumbe kutoka kwake: “Zile elfu tano bado ziko? Mtoto anataka viatu vya shule.” Nikatuma dakika ileile, na sijawahi kutuma pesa kwa furaha namna hiyo. Mnaona tofauti? Ni kiasi kilekile, simu ileile. Mara ya kwanza nilikuwa nanunua ukimya wake. Mara hii aliomba kama ndugu anavyoomba ndugu. Na aliniita lile jina la utotoni.

Kwa hivyo, mama yangu uliyenishika mkono mlangoni, jibu langu ni hili. Usimkemee. Yeye ana wajibu wake mbele za Mungu, na uchungu ukikaa sana moyoni unaharibu chombo kinachoubeba. Hilo Roho Mtakatifu atashughulika naye. Lakini aliyebaki nyuma hadaiwi furaha kama mtu anavyodaiwa kodi ya nyumba. Wa kufunga safari kwanza ni sisi tuliomo ndani ya sherehe. Panda gari, nenda kwake, keti kwa kigoda, unywe chai. Usiende na hoja, na usiende na bahasha. Uliza ambalo halikuulizwa. Kisha, kama kuna namna, mngoje kabla ya kuingia.

Na wewe kijana unayetarajia kuvaa joho mwaka huu, kabla hujachapisha kadi za mwaliko, kaa chini na kalamu. Andika upande wa pili wa hesabu yako. Nani aliacha shule? Nani aliahirisha harusi? Nani aliuza ndama? Nani alivaa viatu vilevile miaka mitatu? Orodha hiyo isomwe kabla ya keki kukatwa, na wenye majina wawe wameketi, si nyuma ya nyumba wakipakua.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Katika familia yenu, nani alibaki ili wengine waende? Ameshawahi kuambiwa hivyo mbele ya watu?
2. Soma Luka 15:25–32. Wewe uko ndani ya sherehe au nje? Ukiwa ndani, umewahi kutoka kumwendea aliye nje?
3. Kuna mtu unayemtumia pesa ili usizungumze naye? Jiulize mbele za Mungu, si mbele ya kikundi.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe ulituachia nafasi tusiyoistahili, na hukutudai. Tupe ujasiri wa kutaja majina tuliyoyaruka. Waponye waliobaki nyuma bila kuulizwa, na utufanye sisi tulioenda tusione haya kurudi. Tufundishe kungoja. Amina.